Miandamo Mitano

Kwenye ukuta wa jiko moja la nje hapa Walukuba, mjini Jinja, Uganda, kuna mistari minne ya mkaa. Imechorwa wima, urefu wa kidole, juu ya plasta iliyoanza kubanduka, mahali ambapo moshi haufiki na mvua haipigi. Kila mstari ulichorwa usiku ule mwezi ulipoandama. Mwenye mkaa ni mzee ambaye mtaa mzima humwita Haji, na macho yake bado huuona mwezi mchanga juu ya mapaa ya magharibi kabla ya vijana kuuona. Hatua chache kutoka ukutani, chini ya mwembe, hufungwa kondoo jike wa kienyeji, mwekundu wa udongo, mkia mpana wenye mafuta, na mistari ile ilichorwa kwa ajili yake. Haji alimwona dume akimrukia wakati mwezi ulipokuwa mchanga. Nikichora wa tano, alisema, atazaa. Ukutani hapo hakuna tarehe wala jina la mwezi, hakuna hata alama ya kumwonyesha mpita njia mistari hiyo inahesabu nini. Nimeutazama ukuta ule mara nyingi, na kila nikiutazama nasadiki kwamba kalenda zetu zote, zile za benki na za mashule na za misikiti na makanisa, zilianzia mahali kama hapa: lipo tumbo linalokua, yupo mtu anayelingoja, na kipo kitu angani kinachokwenda kwa utaratibu wake bila kuulizwa.

Kondoo hubeba mimba kwa siku 147 hivi. Wapo wanaowahi kwa siku tano, wapo wanaochelewa kwa siku tano, na mwenye mapacha mara nyingi hutangulia kidogo. Mwezi nao, tangu kuandama hadi kuandama tena, huchukua siku 29 na nusu na ushei. Zidisha mara tano, utapata 147 na nusu na ushei. Nilipoifanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza nilinyamaza kidogo. Ng'ombe haingii katika mwezi kwa unyoofu hivyo, wala mbuzi, ambaye huzidisha siku mbili tatu. Ni kondoo tu, yule mnyama tunayemwita mpole mpaka tunamsahau, ambaye mimba yake hujaa mara mwezi unapoandama mara ya tano. Na Waswahili wa pwani, wanaoihesabu miezi yao kutoka Ramadhani, wamerahisishiwa kazi kuliko watu wote: ongeza tano. Aliyepandwa Mfungo Mosi, siku za Idi, huzaa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Aliyepandwa Mfungo Nne huzaa Mfungo Tisa. Sidai kwamba mwezi humwamuru kondoo. Ni sadfa. Lakini ni sadfa ambayo mfugaji asiye na karatasi amepewa bure, na amekuwa akiitumia kabla hajatokea mtu wa kumwambia kwamba ni hesabu.

Jinja ni mji uliolelewa na vipimo. Esteti hii ya Walukuba yenyewe ilijengwa katika enzi ya ukoloni kuwapa makazi wafanyakazi Waafrika, Wajaluo na Wasamia, Walugbara na Waacholi pamoja na Wasoga wenye nchi, mlango kwa mlango, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha za kuombea chumvi kwa jirani. Walikuja kwa sababu ya viwanda, na viwanda vilikuja kwa sababu ya umeme. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa tarehe 29 Aprili 1954 na Malkia Elizabeth II, na maporomoko ya Ripon, ambayo msafiri Mwingereza Speke aliyaona mwaka 1862 na kuyatangaza kuwa chimbuko la Nile, yakafunikwa na maji. Tangu hapo mto unapita kwenye milango ya saruji, na usawa wa Ziwa Viktoria unasomwa kwenye kipimo hapa hapa Jinja na kuandikwa kwa sentimita. Mwezi wa Mei 2020 kipimo hicho kilisoma mita 13.42, kikapita kiwango cha 1964 kwa sentimita moja, na maji yakawafuata watu wa ufukweni. Kipimo kilisema maji yamefika. Kusema yatafika lini ni kazi nyingine kabisa, na hiyo ndiyo kazi ambayo binadamu amehangaika nayo tangu azaliwe: siku ya mvua, siku ya mavuno, siku ya kuzaa, siku ya kufa. Ya mwisho tumekubali kutoijua. Ya kuzaa hatujakubali, na sioni kwa nini tukubali.

Huku kwetu kazi hiyo ina ugumu wake. Jinja iko karibu kabisa na ikweta, mchana na usiku hulingana mwaka mzima, tofauti ni dakika chache tu. Kondoo wa nchi za baridi husubiri usiku urefuke ndipo mwili wake umwambie wakati wa kupandwa umefika, na kwa hiyo huzaa wote pamoja majani yanapochipua. Kondoo wa Walukuba hana wa kumwambia. Anaweza kupata joto mwezi wowote, na asiposhika mimba hurudia baada ya siku 17 au karibu na hapo. Wamasai, ambao ni mabingwa wa jambo hili, huwafunga madume kipande cha ngozi chini ya tumbo ili wasipande wakati usiofaa, wana wao wakaja kuzaliwa ukameni. Wafugaji wa Ulaya humpaka dume rangi kifuani, na kila baada ya siku kumi na sita au kumi na saba hubadilisha rangi, ili mgongo wa jike useme ni mzunguko upi uliomshika. Hapa mtaani dume wa jirani huzurura. Analala popote na kuamka popote, na majike ya watu watano ni majike yake. Hesabu ya miandamo ni nyoofu kabisa, ila inahitaji mwanzo, na mwanzo wenyewe huwa umetokea nyuma ya nyumba alfajiri wakati watu wamelala.

Kwa hiyo kondoo wa Haji hakuungoja mstari wa tano.

Ilikuwa asubuhi ya mvua ya masika. Mwana alikuwa amelala juu ya majani, amelowa, mdogo kuliko paka, mama yake akimlamba huku akitoa ile sauti ya chini kwenye koo ambayo kondoo huitoa kwa mwanawe tu. Watu walikusanyika kama watu wa esteti wanavyokusanyika. Alikuja jirani yetu mama wa mapacha, ambaye kwa desturi ya Wasoga tangu siku ile aliyojifungua huitwa Nabirye na watu wote, mkubwa kwa mdogo. Walikuja vijana wawili wa bodaboda, mmoja akamvulia mwana koti lake.

"Haji, huyu amewahi," Nabirye akasema.

"Huenda hakuwahi, mwanangu. Huenda mimi ndiye niliyechelewa kumwona dume."

Hilo ndilo swali la kwanza katika kila kuzaa kwa ghafla, na nimekuja kuamini kwamba ni swali zito kuliko linavyosikika. Je, mtoto ametangulia siku yake, au sisi ndio tuliokosea siku yake? Jike aliyekwisha kushika mimba kwa kawaida hamkubali dume tena, lakini dume haachi kumkimbiza na kumrukia, na mtu aliye mbali akiona hivyo husema leo kapandwa, akachora mstari. Hapo hesabu nzima huegemea kwenye mruko usio na kitu. Kondoo akizaa kabla ya siku tulizoziweka, tunasema amezaa mapema, tunamhurumia, tunatafuta mchawi, kumbe ametimiza siku zake zote hata moja haikupungua. Ni mara ngapi tumefanya hivyo kwa watu? Mtoto wa shule anayeelewa kabla ya darasa lake, mjane anayecheka kabla ya wakati ambao majirani wamempangia kucheka: tunasema wamewahi, na hatuulizi ni nani aliyeanza kuhesabu, na alianzia wapi.

Lakini mwili wa mwana hausemi uongo. Nabirye alivaa kavera, mfuko wa plastiki, mkononi, akafungua kinywa cha yule mdogo kwa kidole. Mwana aliyetimiza siku mara nyingi huzaliwa meno ya mbele yakiwa yamekwisha kutoboa ufizi. Huyu alikuwa na ufizi mtupu. Manyoya yalikuwa mafupi na laini mno, kwato zimelegea, masikio yamelala, na alipowekewa chuchu hakujua la kufanya nayo. Hakukuwa tena na la kubishania. Huyu alikuwa ametangulia kwelikweli. Na kutangulia si kufika, wazee walisema zamani, wakimaanisha safari za watu wazima. Sijui kama waliwahi kulifikiria neno hilo mbele ya kiumbe kilichofika kabla ya mapafu yake.

Walifanya yote. Walimkamua mama dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya kwanza, maana mwanakondoo huzaliwa bila kinga yoyote mwilini. Kondo la nyuma la kondoo haliipitishi kinga ya mama kama la binadamu linavyoipitisha, na asipoipata katika saa za mwanzo kwa dang'a basi ameikosa. Wakamdondoshea kwa bomba dogo la sindano pembeni mwa kinywa. Wakamlaza kwenye boksi karibu na jiko, juu ya magunia. Ubavu wake ulikuwa ukipanda na kushuka haraka mno, na kila pumzi ilibidi aipiganie upya. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa amekwisha. Alikuwa na kila kitu, moyo, kwato, mkia uliokwisha kuanza kunenepa. Alichokosa ni kufunguka kwa ndani.

Haji hakuwaachia mbwa. Alichimba shimo refu, akamfukia mwana pamoja na kondo la nyuma, na Nabirye akawafukuza watoto wasikaribie. Walifanya sawasawa, na ningependa kila nyumba yenye kondoo ifanye hivyo, kwa sababu kuzaa kabla ya siku mara nyingine ni ujumbe unaohusu zaidi ya kondoo mmoja. Upo ugonjwa wa kutupa mimba, brusela, unaoingia kwa mtu kupitia maziwa mabichi na mikono mitupu. Vipo vijidudu vya toksoplasma vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka, vikaingia kwenye majani, vikaharibu mimba ya kondoo, na vinaweza kuharibu ya mwanamke pia. Ndiyo maana mjamzito hapaswi kamwe kumzalisha kondoo, hata kama mkono wake ndio mwepesi kuliko yote mtaani. Na ipo homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 1931 Daubney, Hudson na Garnham, watafiti nchini Kenya, waliueleza ugonjwa uliotokea katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha: wanakondoo wachanga wakifa kwa wingi, majike yakitupa mimba moja baada ya nyingine. Ulitoka kwa mbu, na mbu walitoka kwa mvua nyingi. Umerudi mara nyingi tangu hapo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliuamsha Kenya, Somalia na Tanzania, na Machi 2016 ulionekana Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, miaka mingi baada ya watu kudhani umekwisha nchini humu. Katika ugonjwa huo, kundi linalozaa kabla ya wakati ndilo tangazo la kwanza, hutangulia mara nyingi kabla ya mtu kuugua. Mfugaji anayejua siku za kondoo wake anaweza kuusoma ujumbe huo. Asiyejua ataona wana waliokufa tu, na atasema ni mkosi, kwamba kuku wa maskini hatagi.

Lakini si kila anayewahi hufukuzwa na ugonjwa. Siku ile, baada ya kunawa mikono kwa sabuni na kukaa kwenye kibao chake, Haji aliuliza kitu ambacho sikukitarajia. Aliuliza: aliye ndani huko gizani, asiyeuona mwezi, nani anayemwambia toka?

Swali hilo lilimsumbua mtu mwingine, mbali sana na hapa, katika nchi ambayo kondoo walikuwa wengi kuliko watu mara nyingi. Graham Liggins alikuwa daktari wa akina mama huko Auckland, New Zealand, na aliwaona watoto njiti wakifa kwa kukosa pumzi. Akataka kujua kwanza ni nini kinachoanzisha uchungu, na kwa kuwa hangeweza kumpasua mama wa watu ili ajue, alikwenda kwa kondoo. Wakati huo ilikwisha kujulikana huko magharibi mwa Marekani kwamba majike wakila mmea fulani wa mlimani katika siku za mwanzo za mimba, huchukua mimba inayopitiliza, na mwana huonekana ana jicho moja, ubongo umeharibika. Kwa nini huyo hatoki? Liggins aliharibu tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa wanakondoo wakiwa bado tumboni, na wao pia hawakutoka. Siku zikapita, mama akangoja bure. Kisha akafanya kinyume, akawatia wanakondoo walio tumboni dawa inayofanana na ile kotisoli inayotengenezwa na tezi za juu ya figo. Wakazaliwa mapema. Jibu la Haji, basi, ni hili: kwa kondoo, anayeamua siku ni mwana. Mama hutii. Ubongo wa mwana unapokomaa, au anapobanwa na njaa au dhiki humo ndani, mwili wake hutoa kotisoli, na kotisoli hiyo hubadilisha kazi ya kondo la nyuma mpaka tumbo lianze kukaza. Sisi huku nje tunachora mkaa ukutani, tunatazama kiwele kinavyojaa na ubavu unavyobonyea chini ya kiuno, tunahesabu, tunabishana, na muda wote huo ufunguo uko upande wa ndani wa mlango.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Tumezoea kuwaza mtoto anazaliwa, anatolewa, anasukumwa. Hatukuzoea kuwaza kwamba kiumbe kisichojua jina la kitu chochote kinaweza kuwa ndicho kilichofanya uamuzi wa kwanza wa maisha yake, na kwamba mama, pamoja na uchungu wake wote, anaitikia wito. Yakobo wa Biblia alikuwa mchungaji kabla ya kuwa baba wa makabila, na alipomkuta Esau ndugu yake baada ya miaka mingi, alikataa kwenda kwa mwendo wa jeshi. Alisema kondoo wake wananyonyesha, na kwamba wakikimbizwa hata siku moja watakufa wote. Alimwacha mkubwa atangulie, akafuata polepole kwa mwendo wa wanyama na wa watoto. Huyo ni mtu aliyejua mwendo ni wa nani.

Liggins aliona na kitu kingine, na hiki ndicho ambacho kimenifanya niandike. Mmoja wa wanakondoo wale waliotiwa dawa alizaliwa mapema mno, katika umri ambao mapafu hayafunguki kabisa, na alipaswa kufa pale pale. Hakufa pale pale. Alipumua, na mapafu yake yalipokaguliwa yalikutwa yamefunguka kwa sehemu. Dawa iliyomwita atoke ilikuwa pia imeanza kumtengenezea ule uteute unaozuia kuta za vifuko vya hewa zisigandane. Kitu kile kile kinachofungua mlango ndicho kinachoandaa pumzi ya upande wa pili. Liggins aliyachapisha hayo mwaka 1969, na mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakatoa matokeo ya kuwapa dawa ya aina hiyo, betamethasoni, akina mama 282 waliokuwa karibu kujifungua kabla ya siku. Watoto wa waliopewa dawa hawakusumbuliwa na pumzi kama wa wasiopewa, na waliokufa walikuwa wachache zaidi. Kwa binadamu kotisoli haianzishi uchungu kama kwa kondoo, lakini mapafu huikubali vile vile. Sindano chache za bei ndogo. Na bado zilipita zaidi ya miaka 20 kabla ya madaktari wengi wa nchi tajiri kukubali kuitumia kwa kawaida. Sipendi kuwaza watoto wa miaka hiyo.

Kinachonigusa katika mwendelezo wa habari hii ni kwamba ulirudi tena kwenye ukuta wa Haji, kwenye swali lile lile la siku. Dawa ilipoletwa katika nchi zetu ilionekana kazi imekwisha: mpe kila mama anayeelekea kuzaa njiti. Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi sita, Kenya ikiwemo, katika maeneo ambayo wanawake wengi hawakuwa na uhakika wa umri wa mimba. Vifo vya watoto wadogo havikupungua kama ilivyotarajiwa, na kwa jumla ya watoto wote waliozaliwa katika maeneo yale, vifo viliongezeka. Mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba dawa ilikuwa imewafikia akina mama wengi ambao watoto wao hawakuwa wametangulia hata kidogo. Walikuwa wamehesabiwa vibaya. Miaka mitano baadaye, mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani likatoa matokeo mengine, ya wanawake 2,852 katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Safari hii pia dawa ilikuwa deksamethasoni, ya jamii moja na ile ya Liggins, lakini umri wa mimba ulihakikishwa kwanza kwa altrasaundi, na hospitali zilikuwa na uwezo wa kumtunza mtoto mchanga. Kati ya watoto waliozaliwa hai na mama aliyepewa dawa walikufa karibu 20 katika kila 100; kwa wasiopewa, karibu 24. Tofauti hiyo ilitosha kuusimamisha utafiti mapema, kwa sababu haikuwa haki tena kumnyima mama yeyote. Dawa ile ile iliponya mahali pamoja na kudhuru mahali pengine, na katika yaliyotenganisha mahali hapo pawili, kubwa lilikuwa ni kujua ni wiki ngapi.

Nawajua watu wenye elimu wanaoiona hesabu ya uzazi kuwa jambo la udadisi tu, la kuwaachia akina bibi wenye nyuzi za kushona vikofia. Siwaungi mkono. Wala siungi mkono wanaotaka tarehe iwe amri. Hata katika nchi zenye mashine zote, watoto wanaozaliwa siku ile hasa waliyoandikiwa ni wanne au watano katika 100. Ninachokitetea ni hesabu inayojua mipaka yake, inayosema siku 147 na hapo hapo ikasema 142 na 152, na kwa hiyo inamfanya mtu akaushe majani, achemshe uzi wa kufungia kitovu, aweke wembe mpya mahali pa kuonekana, wiki mbili kabla na siyo jioni ile. Busoga imelijua hilo kwa watu. Kati ya 2016 na 2018, katika vituo vya afya vya Busoga hapa na vya Migori ng'ambo ya mpaka, ulifanyika mpango wa kuwaokoa watoto njiti, na kabla ya mafunzo yoyote ya mikono, vituo vyote viliimarishwa kwanza katika kuandika: umri wa mimba, uzito, saa, nini kilifanyika. Katika vituo vilivyoongezewa mazoezi ya wauguzi kwa pamoja na utaratibu wa kurekebisha kazi zao, vifo vya watoto njiti na wenye uzito mdogo, pamoja na waliozaliwa wamekufa muda mfupi kabla, vilipungua kwa takriban theluthi moja ukilinganisha na vituo vingine. Hakukuwa na mashine kubwa mpya. Kulikuwa na watu waliojua siku ni ngapi na mkono uende wapi.

Na huku kwetu, ambako altrasaundi haiko kila kituo na malaria hujificha kwenye kondo la nyuma ikamtoa mtoto kabla hajanenepa, siku hizo hutafutwa kwa mdomo. Mkunga mzuri hamwulizi mama tarehe. Anamwuliza, mama, ulipoona siku zako za mwisho mahindi yalikuwa yamefika wapi? Mlikuwa mmekwisha kupalilia? Ilikuwa kabla ya Idi au baada ya Idi? Mume alikuwa amekwisha kurudi kutoka uvuvini Masese, au dagaa walikuwa bado wanatoka kwa wingi? Mama anafikiri, anakataa, anajirekebisha, anamwita dada yake aliyeko nje ya dirisha aje asaidie kukumbuka. Kisha mkunga anamlaza, anapima kwa utepe kutoka kwenye mfupa hadi juu ya tumbo, analinganisha utepe na mahindi na Idi, na kwenye kadi, pale palipoachwa nafasi ya namba moja, anaandika mbili: wiki 31, au 33. Halafu anatuma mtu hospitali ya rufaa aulize kama kitanda cha njiti kiko wazi.